Folda Ilikuwa Tupu

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Umeniambia unaanza kazi ya kutunza seva, na furaha yako nimeiona. Ila kabla hujaenda, kaa hapa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kulimaliza vizuri, kwa sababu kila nikilianza uso unaniwaka kwa aibu.

Nilikuwa binti wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, pale pembeni ya ziwa. Seva yetu ilipokea uzito wa sangara kutoka kwenye mizani. Isipowaka hakuna kinachopokelewa, mitumbwi inapanga foleni na samaki wanalainika juani. Sasa ilikuwa imepata ugonjwa: umeme ukikatika na jenereta kuchukua zamu, seva inajaribu kuwaka, inafika njiani, inakufa. Ukiizima na kuiwasha tena, inakubali.

Mimi nilijiona mjuzi, maana nilikuwa nimeshaiwekea kinasa. Ni kitu kizuri hicho, utakuja kukipenda. Unaitengea mashine sehemu ndogo ya kumbukumbu yake, na humo unalaza kiini cha pili cha mfumo, yaani moyo wa akiba. Kiini kikuu kikianguka, huyo wa pili anaamka, anapiga picha ya kumbukumbu ya marehemu na kuihifadhi kwenye folda, ili ujue kilichomuua.

Asubuhi hiyo seva ikafa tena, na meneja akaja amefura. Nikafungua folda mbele yake. Tupu. Nikasema kwa sauti, watu wakisikia, "Ingekuwa ni programu, kinasa kingeonyesha. Huu ni umeme. Ni Kulwa na jenereta yake."

Kulwa alikuwa fundi wa jenereta, kijana mpole wa Nansio, kule kisiwani. Alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni na kitambaa chake cha kufutia oili. Alisema tu, "Dada Suzana, mimi nimewasha kama siku zote." Nikarudisha macho kwenye skrini. Meneja ndiye aliyemjibu, na kabla ya mchana Kulwa alikuwa amefungasha vyake. Nilimwona akitoka getini, nikajisemea kwamba kazi ni kazi.

Haukupita muda, umeme ukakatika, fundi mpya akawasha jenereta, na seva ikafa vilevile. Magesa, mkuu wetu wa kitengo, mtu wa Mara asiyependa maneno mengi, alikuwa amerudi kutoka likizo. Akaniuliza kinasa changu kinaanza kazi wakati gani. Nikamwambia kinaanza pamoja na huduma nyingine, mashine ikishawaka.

"Na mashine inakufa wakati gani?"

"Kabla haijamaliza kuwaka."

Akanitazama. "Mlinzi anayeripoti kazini saa mbili, unamuuliza habari za mwizi wa alfajiri? Akisema hakuona mtu, ndiyo hakupita mtu?" Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo paliponiuma. "Huko vijijini mtu akifa ghafla na sababu haijulikani, watu wanatafuta mchawi. Nyinyi mliosoma mnawacheka. Wewe umefanya nini hapa?"

Nikamvutia kiti mbele ya skrini.

Tukakihamisha kinasa. Kuna kifurushi kidogo ambacho mashine hukifungua mwanzo kabisa inapowaka. Tukakifungasha humo, ili kiini cha pili kiwe kimeshalala mahali pake kabla programu nyingine yoyote haijaitwa. Safari hii tukaisubiri ife. Umeme ulipokatika ikafa kweli, na ilipowaka tena folda ilikuwa na picha. Nikaisoma Magesa akiwa nyuma yangu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye jina la programu iliyoangusha kiini. Ilikuwa yangu. Niliiandika mimi mwenyewe, ya kuunganisha mizani na seva, na kwa majivuno nikaipa jina langu. Umeme ukikatika mizani ilichelewa kuamka, na programu yangu haikujua kusubiri. Nyani haoni kundule, mwanangu, lakini mimi nililiona, tena limeandikwa "suzana" kwenye skrini.

Nilikwenda kwa meneja nikasema ukweli. Alinuna, ila akakubali Kulwa arudi. Nikapanda meli ya Nansio na habari hiyo, nikijipa moyo kwamba jema hili litafuta lile baya.

Nilimkuta ufukweni akianika dagaa na mama yake. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipokea mkoba. "Karibu, mwanangu. Wewe ni nani wake Kulwa?"

Nikafungua mdomo. Kulwa akaniwahi. "Ni rafiki yangu wa kazini, mama."

Yule mama akamshukuru Mungu. Alisema alikuwa akijiuliza kila siku kama mwanawe kule mjini alikuwa na mtu wa kumjali. Akanipikia. Nilikula chakula chake, na kila tonge lilinikwama.

Nilipomweleza Kulwa pembeni, alinisikiliza mpaka mwisho. Kurudi kazini alikataa. "Siku ile nilikuwa pale mlangoni, dada," alisema. "Ungenigeukia tu ukaniuliza." Akarudi kwenye dagaa wake.

Mama yake alifariki miaka mingi baadaye, nami nilikwenda kuzika. Wanawake walinisogezea nafasi kwenye mkeka, wakiambizana kwamba huyu ndiye yule rafiki wa Kulwa wa kazini. Nikakaa. Yule mama sikuwahi kumwambia ukweli, na maji yakimwagika hayazoleki.

Basi shika haya. Kinasa kiweke mwanzo kabisa, si pale kinapokurahisishia kazi. Halafu kijaribu: iangushe mashine kwa mkono wako mwenyewe siku ambayo hakuna anayekusubiri, uone kama picha inapatikana. Folda ikiwa tupu, sema "sijui". Neno hilo halijamfukuzisha mtu kazi. Na jina la mtu likikujia mdomoni, mgeukie kwanza mwenye jina. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni huu wangu ninaozeeka nao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usio na haraka. Akujalie ukaribishwe kwa mama za wenzako, ule na kushiba, na tonge lishuke.