Binti wa Marumaru

Menico alirithi kuchoma chokaa kutoka kwa baba yake, na pale Roma mchoma chokaa hakosi mawe. Magofu yamejaa vichwa, mikono na mapaja ya miungu isiyoabudiwa tena. Marumaru hutoa chokaa nyeupe pee, na Menico hakuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya pua ya mtu aliyekufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Mwaka wa tauni, binti yake wa pekee, Perna, alizikwa katika shimo la wengi, wakamwagiwa chokaa. Chokaa ya nani, usiulize. Hakuwekewa hata kijiwe, na mkewe Menico, Vannozza, alikuwa akizunguka uwanja ule na maua mkononi bila kujua ayaweke wapi.

Siku hizo wasomi walikuwa wameshikwa na wazimu wa mambo ya kale. Mmoja wao, Bwana Prospero, karani wa Papa, alikuwa akijenga nyumba ya nguzo kama za Warumi wa zamani, na chokaa aliagiza kwa Menico. Alipenda kuja tanurini akikunja joho lake, apanguse mawe na kunakili maandishi, huku wachomaji wakimcheka chinichini. Asubuhi moja alipangusa bamba la marumaru lenye sura ya msichana aliyeshika njiwa, machozi yakamtoka hadharani. Menico akamwuliza limeandikwa nini.

"Baba mtu anasema, 'Nimemwekea binti yangu jiwe la kaburi ambalo yeye ndiye angeniwekea mimi.'"

Menico alichuchumaa, akamtazama msichana yule wa jiwe. Miaka yote ile ya kuchoma, hakuwahi kuuliza.

Msomi alipoondoka, Menico aliamua: jiwe lile angempelekea Perna. Aliona haya kumwambia shemeji yake Cola, aliyefanya naye kazi tanurini, mwenye ulimi wa upupu, kwa hiyo alilitenga kimya kimya, akaliegemeza kando ya mdomo wa tanuri, kisha akaenda ng'ambo ya mto kuazima punda. Akili ilikuwa kwa mwanawe, akasahau desturi ya kazi. Kila mchoma chokaa anajua kwamba bamba zuri likiwekwa pale ni la kujengea tao linalobeba mawe yote juu ya moto.

Aliporudi na Vannozza na punda, tao lilikuwa limesimama, mzigo wa mawe umepangwa, moto umewaka. Njiwa alionekana katikati ya tao, mweusi kwa moshi.

"Umeliweka mdomoni mwa tanuri wewe mwenyewe, shemeji," Cola alisema. "Ulitaka nilibusu kwanza?"

Kuling'oa ni kuangusha tao na mzigo mzima, na mzigo una mwenyewe. Menico alikimbia hadi kwa Bwana Prospero, akamshika joho, akamsihi aruhusu moto uzimwe. Msomi alisikitika kwa dhati. Lakini mafundi wa kupiga lipu walikuwa wakingoja chokaa hiyohiyo, na mvua zilikuwa karibu.

"Usilie, Menico," alisema, akipapasa karatasi zake. "Maneno yake ninayo. Hayatapotea tena."

Menico hakujua kusoma. Alirudi tanurini, na kwa kuwa moto wa chokaa hauachwi ufe, akashika uma wake akaendelea kutia kuni. Vannozza alikaa kando ya punda. Menico aliona uchungu wa kumzika Perna mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake.

Nyumba ya Bwana Prospero ilipokwisha, watu walikuja kushangaa ukuta wake. Vannozza naye alitaka kwenda, Menico akampeleka. Mama yule aliweka maua yake chini ya ukuta mweupe, akabandika kiganja kwenye lipu.

"Yuko hapa?" aliuliza.

Menico hakujua anamwulizia binti yupi, akabandika kiganja chake kando ya cha mkewe.