Ng'ombe Ambao Filamu Iliwasahau

Mwaka huu nimetazama filamu nyingi kuliko miaka ishirini iliyotangulia, na nyingi zilikuwa mbaya. Ile ya vita, ambayo watu waliisifu sana, ina wanajeshi wanaovuka jangwa siku nne na hakuna hata mmoja anayekohoa vumbi. Ile ya mapenzi, iliyotengenezwa Nairobi, ina mwanamke anayeshindwa kuchagua kati ya wanaume wawili, na wote wawili viatu vyao ni visafi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia kaka yangu kwamba mwanamke huyo angeletwa Kitengela wakati wa mvua, udongo wetu mweusi ungemchagulia bwana kwa dakika tano: yule atakayekubali kumbeba. Kaka alicheka, kisha akashika shingo. Wakati huo hata kucheka kulikuwa kunamuumiza.

Nilikuwa nikitazama kwa ajili yake. Alikuwa na saratani ya umio. Chakula kilikataa kupita, halafu mate yakakataa, halafu sauti ikaanza kwenda. Mke wake alinipigia simu nikiwa Namanga, ambako nilikuwa nikiwakimbizia maajenti wa forodha makaratasi yao. Kabla ya hapo nilikuwa Bisil nikiandika mabango ya maduka, na kabla ya Bisil, Rongai, na kabla ya Rongai sina hakika. "Shemeji, kuja," aliniambia. "Kuja umwone ndugu yako akiwa bado anaweza kukutusi."

Nilimkuta kwenye kiti sebuleni, nyuma ya duka lao la hadiwea, shati limemwagika mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye begi.

"Mtalii amefika," akasema. Sauti ilikuwa kama mtu anayesugua bati kwa msasa. "Uko na visa ya siku ngapi?"

Wiki mbili baadaye mimi na shemeji tulienda kuchukua majibu. Daktari alikuwa msichana mdogo aliyezungumza na faili badala ya sisi. Alisema hakuna la kutibu tena. Tumrudishe nyumbani, tuhakikishe hana maumivu. Kwenye baraza ya hospitali shemeji alinishika mkono wa koti.

"Usimwambie. Huyu mtu akisikia hivyo ataacha hata huo uji. Tutasema wanangoja kipimo kingine."

Nilikubali. Nimekubali mambo mengi maishani, kisha nikaondoka kabla hayajanifikia.

Kwa hiyo kila siku baada ya saa nane, shemeji akiwa dukani, nilikuwa nikimmiminia kaka uji kwenye mpira ulioingia tumboni, nampa dawa ya maumivu, kisha tunaweka filamu kwenye kompyuta ndogo ya duka. Dawa ilikuwa na nguvu. Filamu ikifika katikati alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mimi nilitazama hadi mwisho. Akiamka, swali lilikuwa moja.

"Iliisha aje?"

Lazima nieleze kwa nini swali hilo, likitoka kwake, halikuwa la kawaida.

Miaka ya tisini kaka alikuwa na kibanda cha video Kajiado, karibu na reli. Mabati, mabenchi sita, televisheni moja juu ya kreti za soda, na betri ya lori. Siku za soko walijaa wachungaji, wengine wametembea tangu alfajiri na mbuzi wao. Fimbo na rungu ziliachwa mlangoni, rundo kubwa, kwa sababu mara moja mtu aliitupia rungu televisheni ili kumwokoa mtoto aliyekuwa akifukuzwa na simba. Wengi hawakujua Kiingereza, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia tu. Kaka alisimama kando ya televisheni na kuwasimulia, nusu Kiswahili, nusu Kimaasai alichookota mitaani. Treni ya magadi ikipita hakuna kilichosikika, na sehemu hiyo aliitunga mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikawa nakaa benchi la nyuma kila siku. Ndipo nilipojua kwamba mwongo mzuri hana haraka.

Kulikuwa na kanda moja ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Katikati ya filamu ngurumo zinapiga, kundi lote linakurupuka na kutokomea gizani. Baada ya hapo filamu inamfuata mwanamume na bunduki yake na ugomvi wake na baba mkwe. Ng'ombe hawaonekani tena. Mtu anashinda, anambusu mke, majina yanapanda. Sisi wa benchi la nyuma tuliinuka. Wachungaji hawakuinuka.

"Na ng'ombe?" mmoja akauliza.

"Filamu imeisha, mzee," kaka akamwambia.

"Imeisha aje? Ng'ombe wako wapi?"

"Huyu mjinga anabusu," mwingine akasema, "na ng'ombe mia tatu wako nje na mvua."

Walikaa. Walikuwa wamelipa, na hadithi iliyopoteza ng'ombe na kutowatafuta, kwao, ilikuwa haijaisha. Kaka aliitazama televisheni nyeusi. Kisha akaanza, taratibu: kwamba asubuhi yule mtu alifuata kwato kwenye matope, akafika bondeni, akawakuta wote wamesimama kwenye nyasi, hata yule ndama mlemavu. Aliwahesabu. Akarudi nyumbani kwa mama yake, naye akamkamulia maziwa. Ndipo watu wakasimama, wakachukua fimbo zao.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa kwenye kibanda cha kaka. Shujaa akipigwa risasi, kaka alizima televisheni mapema na kusema alipelekwa hospitali, akapona, akarudi kwa mama yake. Kila filamu iliishia kwa mama.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu na mpira tumboni, akiniuliza zilivyoisha. Nami nilikuwa nimekatazwa kumwambia neno kuhusu mwisho wake mwenyewe. Mwanzoni sikubadilisha kitu. Halafu ikaja ile ya mpishi wa meli, ambaye anakufa polepole, na nilipoona macho ya kaka yakiningoja, nikasema mpishi alishuka bandarini akafungua hoteli. Ilikuwa rahisi. Kesho yake nilimwokoa mwalimu, na siku iliyofuata familia nzima kutoka kwenye mafuriko. Nilianza kuzichukia filamu zenyewe kwa sababu zilinilazimisha. Siku hizi watengenezaji wanaua watu ovyo, kana kwamba kifo ndicho kinachothibitisha filamu ni ya watu wazima. Lakini nilijua ninazilaumu kwa kosa langu.

Filamu iliyonikamata ilikuwa nzuri, bora kuliko zote za mwaka huu. Dereva wa treni aliyestaafu, moyo wake mbovu, anasafiri kwenda kituo alichomwacha mke wake ujanani. Haizungumzi sana. Kuna dakika nzima ambayo anamenya chungwa tu. Anafika, kituo kimefungwa, anakaa kwenye benchi, na pale pale anakufa. Mbwa wa kituo anakuja kunusa maganda ya chungwa. Basi.

Kaka aliamka. "Iliisha aje?"

"Alimpata mke. Wakampeleka hospitali, akapona." Nilikuwa naongea mbio. "Akarudi nyumbani kwa mama yake."

Nje mtu aliuliza bei ya misumari, na shemeji akamjibu.

"Mama yake alizikwa mwanzo wa filamu," kaka akasema. "Nilikuwa bado sijalala."

Alikuwa ananitazama bila hasira, kama fundi anavyotazama kazi ya mwanafunzi mbaya.

"Ile ni yangu," akasema. "Hiyo ya mama. Umeniibia, na umeiharibu." Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Sasa niambie ya daktari. Usiweke mama ndani."

Nilitazama mlango wa duka. Mgongo wa shemeji ulionekana, ameinama juu ya mabomba. Ningeweza kusema wanangoja kipimo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo.

"Walisema hawana la kufanya," nikasema. "Walisema turudi nyumbani."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Alitikisa kichwa kidogo, mara mbili. Akaweka mkono juu ya mpira wa tumboni kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama funguo zipo. Nilingoja alie, au anitusi. Alitazama mlango ule ule niliokuwa nimeutazama mimi, akauliza kwa sauti iliyobaki:

"Na ng'ombe?"

Nilimwelewa: aliuliza kuhusu wale anaowaacha nyuma. Watoto wao wako mbali na maisha yao. Shemeji ana magoti mabovu na duka la vitu vizito. Wachungaji wa Kajiado hawakuwahi kuniuliza mimi. Walimuuliza yeye.

"Nitakuwa hapa," nikasema.

"Usiniambie walipatikana wote."

"Sisemi wote. Nasema nitakuwa hapa."

"Mtalii," akasema, akafumba macho.

Siku ya tatu alimwambia mke wake anataka kuiona Kajiado. Shemeji alifurahi, alidhani ni nguvu zinarudi. Jirani alituazima gari lake. Tulipita Isinya, na njia nzima kaka alitazama nyua, nyaya na mawe ya mipaka mahali walipokuwa wakikaa pundamilia.

Kibanda sasa ni duka la dawa za mifugo. Ukuta wa mawe, lakini nguzo ya kona ni ile ile. Tulisimamisha gari mbele na kufungua mlango wake apate hewa. Mwanamume mmoja mwenye koti na shuka alitoka dukani na chupa ya dawa ya minyoo, akamtazama kaka, akapita, akarudi.

"Sopa," akasalimia kwa Kimaasai.

"Epa," kaka akajibu.

"Ero, wewe si yule mwongo wa televisheni?"

Kaka alitabasamu. "Ni mimi."

"Mjukuu wangu alinitafutia ile filamu kwa simu. Ile ya ng'ombe. Nikaangalia mpaka majina." Akaegemea mlango wa gari. "Hakuna ng'ombe waliorudi! Hata mmoja! Ulitudanganya watu wazima."

"Nyinyi mlikataa kutoka."

"Tungetoka twende wapi? Mwaka ule wetu walikuwa wamekufa na ukame. Mimi nilibaki na wanne." Alicheka, kisha akaacha, akamtazama shingo na mikono. "Na wewe? Unaumwa nini?"

"Koo," kaka akasema. "Ninakufa."

Alilisema kama mtu anayetaja kituo anachoshukia. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma na chupa ya uji mapajani. Nilimsikia akiacha kupumua.

Yule mwanamume hakusema pole. Alishika kichwa cha kaka kwa mkono mmoja, akamtemea mate kidogo sana kwenye paji la uso, baraka yao, akasema maneno ya Kimaasai ambayo sikuyaelewa na kaka aliyaelewa. Kisha akachukua chupa yake ya dawa akaenda.

Tulipofika Kitengela na kumlaza, shemeji alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Aliniuliza."

"Mimi aliniuliza mara ngapi? Kila siku! Kila siku alikuwa ananiuliza, na nilimjibu." Aliitua chupa ya uji mezani kwa nguvu. "Wewe unakuja na begi, unasema ukweli, halafu unaenda Namanga. Ni nani anabaki na huo ukweli?"

Kaka alikufa siku tisa baadaye, mchana, saa ambayo tulikuwa tukiweka filamu. Uji aliuacha siku mbili baada ya Kajiado, kama shemeji alivyosema ataacha. Aligeuza uso kila nilipoushika ule mpira. Sijui kama angeishi mwezi zaidi akiwa hajui. Shemeji anajua. Kwenye mazishi alipokea mkono wa kila mtu isipokuwa wangu.

Nilibaki. Sisemi kwa majivuno. Mara tatu nimefika stendi. Nafungua duka asubuhi, nakata mabomba, nanyanyua saruji. Maji ya chumvi ya kisima yamechora mstari mweupe kwenye ndoo zote. Shemeji anapika, ananiwekea sahani mezani na kula jikoni. Akitaka kunieleza kitu kuhusu duka anamwambia mteja nami nikisikia. Begi liko nyuma ya mlango, nguo bado zimo ndani, natoa moja moja.

Wiki iliyopita hakukuwa na wateja, nikaweka ile ya dereva wa treni kwenye kompyuta, juu ya kaunta. Nilitaka kujua kama ni nzuri kweli au niliipenda kwa sababu ya siku ile. Ni nzuri. Ina kosa moja: yule mke wa ujanani hatumwoni kamwe, hatujui ni nani atampelekea habari. Wachungaji wangekaa pale hadi jioni.

Dereva alikuwa anamenya chungwa nilipomsikia shemeji nyuma yangu.

"Ndiyo hii mlikuwa mnaangalia?"

"Ndiyo."

"Na inaisha aje?"

Ni maneno ya kwanza aliyonielekezea kwa miezi miwili. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la saruji, nikaifuta kwenye suruali.

"Anakufa," nikasema. "Pale kwenye benchi."

Alivuta ndoo ya rangi kwa mguu, akakaa juu yake polepole kwa sababu ya magoti.

"Isogeze huku," akasema. "Sioni."