Iko Propre?

Kifaransa cha Flaviana kilikuwa neno moja tu, propre, na neno hilo lilikuwa linamtoa roho. Alilipata kwa Mama Honorata, bibi wa Bukavu ambaye Flaviana alikuwa akimuuguza katika fleti moja ya Takoma Park, huko Marekani. Mchana kutwa bibi alipakata mto wake na kuuliza, "Iko propre?"

Binti wa bibi alisema propre ni safi. Basi Flaviana, mwanamke wa Bukoba asiye na mchezo na uchafu, akawa anaunyakua mto, anaushusha kwenye mashine ya kufulia na kuurudisha ukinukia sabuni. "Nimesha-wash, Mama. Relax." Lakini kila mara mto ulipotoka mlangoni bibi aliangua kilio cha msibani, na uliporudi aliuliza yale yale. Asiyejua maana haambiwi maana, na Flaviana alidhani anaijua.

Siku mashine ilipoharibika alikaa kitandani, amechoka. "Mama, huu mto una nini lakini?"

"Ni Sebastian," bibi akasema. "Mutoto yangu. Balikuwa banapiga masasi ya bunduki, tukamuzika mbio mbio pembeni ya barabara. Sikumuosha hata uso. Na wewe kila siku unamubeba, unaenda kumuosha bila miye."

Flaviana akautazama mto. Mama yake mwenyewe alikufa Bukoba, na yeye, bila makaratasi ya kusafiria, aliona jeneza kwenye simu likiwa limeshafungwa. Waliomwosha ni majirani. Hilo hakumwambia mtu yeyote katika nyumba hii, na usiku lilikuwa halimpi usingizi.

Akaleta beseni la maji ya vuguvugu na taulo. Wakauosha mto pamoja, wakianzia juu, polepole, kama maiti inavyooshwa kwao wote wawili. Mikono ya bibi haikukosea. Garimoshi la Metro lilipita, vioo vikalia.

"Iko propre?"

"Iko propre, Mama," Flaviana akajibu. Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwake, na lilimuuma.

Bibi akashusha pumzi, akalala, uso umelegea. Flaviana akainua beseni aende zake.

"Na wa kwako?" bibi akauliza, amefumba macho. "Yule mama anasimama nyuma yako?"

Flaviana hakugeuka. Alikwenda kubadilisha maji.