Majani Niliyoyakaanga

Kila ninapomimina maji ya moto, hapa mkahawani ninapofanya kazi, juu ya majani ya chai ya Kijapani yaliyokaangwa, na mashine ikapuliza mvuke kwenye maziwa kwa kelele za kuamsha Malindi nzima, harufu ile ya moshi mtamu hunirudisha jikoni kwa nyanya, Takaungu.

Siku hiyo nilikuwa nimeruhusiwa, kwa mara ya kwanza, kuwapikia wageni chai. Tena wageni waliokuja kumposa shangazi yangu, si mchezo! Kwa papara zangu za watu kumi, nikayamwagia maji kwa bahati mbaya majani yote yaliyokuwamo nyumbani, yakalowa chapachapa. Basi nikayakausha kwenye kikaango, juu ya makaa. Yakageuka kahawia, yakanukia kama njugu za kukaanga. Nikayapika vivyo hivyo, kwa maziwa na iliki, nikapeleka kikombe cha kwanza barazani.

Nyanya akaonja iliyobaki, akatema. "We mtoto, umetupikia masizi?"

"Nyanya, hayakuungua! Yamekauka tu!"

Mara mzee wa upande wa bwana harusi akaita kutoka barazani, "Chai hii tamu! Haijabaki nyingine?"

Niliruka nusura nitoboe makuti. "Umemsikia, nyanya? Anataka tena!"

"Huyo kaja kuposa," nyanya akasema. "Hata ukimpa maji ya kuoshea vyombo, atasifu."

Akaimwaga sufuria nzima mchangani, mbele ya macho yangu, kisha akamtuma mdogo wangu dukani akalete majani mengine, chai aipike nyanya mwenyewe.