Pijo ya Baba Imefungwa Riboni Bila Mimi Kuulizwa

Jamani, nimeondoka kwangu leo kwa hasira.

Mnaikumbuka Pijo, lile gari la marehemu baba, iliyolala stoo nyumbani Kwamndolwa tangu nikiwa mtoto? Mwaka mzima nimehangaika nayo na fundi. Kutu, viota vya panya, breki zilizoganda. Juzi ikawaka!

Baba mdogo ndiye aliyekuwa akinicheka. "Kaiuze chuma chakavu, acha kujisumbua."

Leo nilipanga kumpeleka mama kwao Vugiri. Alishasema zamani, siku itakayotembea, abiria wa kwanza ni yeye.

Nimetoka kidogo kununua mafuta. Narudi, naikuta imefungwa riboni nyekundu mpaka kwenye vioo! Baba mdogo kasimama pembeni na suti yake.

Shikamoo yangu niliitoa kwa shida.

"Marahaba. Binti yangu anaolewa leo Segera, anasubiri gari la kumpeleka kanisani. Lete ufunguo."

Hata kuniomba? Hakuna.

"Hili ni gari la ukoo, mwanangu."

La ukoo! Wakati wa kusugua kutu ukoo ulikuwa wapi?

Kabla sijajibu, mama akatoka na kitenge chake kipya. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaufunga.

"Shemeji," akasema taratibu, "mimi naenda Vugiri. Kama bibi harusi naye anaenda Vugiri, apande nyuma."

Nikawasha, tukaondoka.

Sasa tuko Vugiri. Mama yuko jikoni na dada zake, wanacheka. Simu yangu haipumziki, ukoo mzima unasema nimeharibu harusi.

Mimi?

Niambieni ukweli, nani kakosea hapa?