Ngazi ya Gati

Mwaka jana wanafunzi watatu wa chuo kikuu walikuja kwenye karakana yangu hapa Faza kutengeneza ngazi ya chuma ya gati. Maji yakitoka, mashua hukaa chini sana, na kina mama huvutwa juu kwa mikono kama magunia. Msichana mmoja kati yao, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Ndau, ndiye aliyeleta wazo. Mamake aliwahi kuteleza pale gatini akavunjika mkono.

Walipomaliza kuchomelea, mishono ilikuwa mizuri kuitazama. Nikampa yule msichana nyundo. "Piga."

"Itaharibika, Bwana Fundi."

"Basi iharibike hapa."

Akapiga. Kipandio cha pili kikang'oka, kikaanguka sakafuni. Nahodha mmoja aliyekuja kuchukua nanga yake akacheka. "Bwana, ngazi hii ni ya watu au ya paka?"

Nikachuchumaa nao, nikawaonyesha. Waliogopa kutoboa bomba la ngazi, wakapunguza moto wa mashine ya kuchomelea. Rodi ikayeyuka juu juu, bomba lenyewe likabaki baridi.

"Vyuma hivi havijashikana, vimegusana tu. Si aibu, hata mimi nilianza hivi. Tukate vyote, turudie."

Kazi hiyo ilitaka siku mbili zaidi. Mhadhiri wao, aliyekuwa bara, akapiga simu kuwakumbusha kwamba ripoti na picha anazitaka kabla ya magharibi. Nikaiomba ile simu, nikamweleza.

"Pakeni rangi, mpige picha, mtume," akasema. "Mengine mtarekebisha baadaye."

"Haitoki hapa hivi."

"Fundi, wewe hutoi alama."

"Kweli. Na wewe huipandi ngazi hii."

Akasema mradi usiokamilika ni sufuri, akakata. Wale wavulana wawili wakamtazama mwenzao. Wazo lilikuwa lake, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Kopo la rangi lilikuwa wazi miguuni pake. Mimi nilikuwa nimeshasema langu. Alama zilikuwa zake, si zangu.

Yule msichana akatoa simu yake, akapiga picha. Alikipiga picha kile kipandio pale sakafuni, kwa karibu kabisa, mshono uliovunjika ukionekana wote. Chini yake akaandika: "Mradi haujakamilika. Sasa tunajua kwa nini." Akaituma kwa mhadhiri, akazima simu, kisha akaniuliza moto wa mashine auweke ngapi.