Jedwali la Mwalimu Zdravka

Zdravka Pehlivanova alijifunza kuogopa akiwa na miaka saba. Mwaka huo baba yake, fundi wa reli, alifanya utani juu ya foleni ya mkate mbele ya watu watatu, na wiki haikwisha akaitwa kuhojiwa. Alirudi baada ya siku mbili, mzima wa mwili, lakini tangu hapo hakusema neno mezani bila kufungulia redio kwanza, ili asisikike nje. Utawala ule ulianguka, na baba naye akafa. Woga ukabaki kwa binti. Kwa miaka ishirini na tisa alifundisha hesabu katika mji wao mdogo karibu na mto Danube, na aliipenda hesabu kwa sababu haimlazimishi mtu kutoa maoni.

Kwa hiyo hata yeye hakujua ilikuwaje akajiponza.

Septemba ile darasa la tisa walikuwa kwenye asilimia, wanasinzia. Zdravka akawaambia walete risiti za dukani na karatasi za mishahara, bila majina, wapige hesabu: katika kila leva mia, fedha ya nchi yao, zinazoingia nyumbani, ngapi zinaishia serikalini? Dada yake, anayesafisha wodi za hospitali huko Denmark, akamtumia makato yake, ili wawe na nchi ya pili ya kulinganisha.

Kufikia Ijumaa jedwali lilikuwa ukutani. Mfanyakazi wa kiwandani, ukijumlisha bima, kodi ya mapato na ile kodi inayojificha ndani ya bei ya mkate na sabuni, aliiachia serikali leva thelathini na tano katika kila mia. Bibi anayeila pensheni yake yote, kumi na saba. Mwenye mapato makubwa, kumi na tano. Denmark kila mtu alikatwa zaidi, ila kule makato yalipanda kadiri mtu alivyopanda: msafishaji arobaini na kitu, mkurugenzi akapita hamsini.

"Mwalimu, huyu wa kumi na tano tumemkosea," kijana mmoja akasema. "Amshinde bibi yangu kwa unafuu? Haiwezekani!"

"Rudieni."

Wakarudia. Kumi na tano.

"Bima ina kikomo," akasema msichana wa dawati la nyuma, Militsa, taratibu. "Mshahara ukipita pale, makato hayaongezeki. Kodi ya mapato ni kumi kwa mia kwa kila mtu. Na baba hatumii hata robo ya anachopata, sasa kodi ya dukani itampatia wapi?"

Militsa alikuwa binti wa Kazanjiev, mwenye kiwanda cha kusindika pilipili, na nusu ya mji ilikula kwa Kazanjiev. Radko, mume wa Zdravka, alikuwa mmoja wao.

"Namba hizi umezitoa wapi, Militsa?"

"Nyumbani. Si ulisema tulete za nyumbani?"

Zdravka alilibandua jedwali kengele ilipolia, lakini walikuwa wameshalipiga picha. Jumatatu picha ilikuwa kwenye simu za kiwanda kizima.

"Umetuua," Radko akamwambia, viatu vya kazi bado miguuni. "Wenzangu wanacheka chinichini, wananiita Bwana Thelathini na Tano. Msimamizi hacheki. Ananitazama tu."

"Ilikuwa hesabu, Radko."

"Basi ungewapa hesabu za matofaa!"

Kesho yake, saa ya pili ya masomo, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mkuu wa shule alitangulia, jasho likimvuja usoni, nyuma yake Kazanjiev na koti lake jeusi. Zdravka akashika ukingo wa meza.

"Hilo karatasi liko wapi, mwalimu?"

Alilitoa kabatini. Kazanjiev akalisoma mstari kwa mstari, kidole kikipita juu ya namba.

"Nani kapiga hesabu hii?"

"Mimi," Zdravka akasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Mwongo huyo," Militsa akasema kutoka nyuma, macho yamejaa machozi. "Ni mimi, baba. Kama kuna kosa, nionyeshe."

Kazanjiev akatafuta kosa. Watoto ishirini na wawili walimtazama akitafuta. Mwisho akalikunja karatasi, akalitia ndani ya koti.

"Sijavunja sheria yoyote," akasema, kwa upole uliomtisha Zdravka kuliko kelele. "Kodi yangu nalipa yote. Mwalimu, msalimie Radko."

Hakuna aliyemfukuza Zdravka. Ilikuwa heri wangemfukuza. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimkatisha pumzi. Majirani waliokuwa wakimwita kuchoma pilipili za akiba ya majira ya baridi pamoja nao uani mwaka huu walichoma bila yeye. Msimu ulipokwisha Radko akapunguzwa kazi pamoja na wengine kumi na mmoja. Barua ilisema kazi zimepungua, na huenda ni kweli. Lakini miaka yote ya nyuma yeye alibakizwa. Alishinda jikoni akivuta sigara. Hakumlaumu tena mkewe, na Zdravka aliuogopa zaidi ukimya huo.

Novemba, mchana wa ukungu, Bibi Stoyna wa nyumba ya pili akaingia na sahani ya banitsa ya moto, mkate wa matabaka wenye jibini, chini ya kitambaa.

"Mwanangu, wanasema kuna bibi kwenye jedwali lako. Ana kumi na saba. Ni mimi huyo?"

"Si wewe, bibi. Ni bibi yeyote tu."

"Hata mimi ni bibi yeyote. Nipigie na mimi yangu." Akamwaga risiti mezani: dawa, kuni, maziwa. "Nina miaka themanini na moja. Watanifanya nini?"

Zdravka akamtazama Radko. Radko akainua mabega, akasogeza kisahani cha majivu ya sigara kuwapisha. Zdravka akainuka, akafunga dirisha na kuvuta pazia, kisha akatafuta kalamu.